Mbwa Halipiwi kwa Ndizi

Atuganile alikuwa mtu wa kununua kitu bila kukitazama. Soko zima la Tukuyu lilimjua kwa hilo. Akitaka viazi, aliuliza bei ya maharage. Akitaka mkungu huu, macho aliyapeleka kwenye mkungu ule. Mwuzaji akishachoka kumbembeleza achukue maharage, ndipo yeye alipogeuka kama mtu aliyekumbuka jambo la upuuzi na kusema, "Na hivi viviazi vyako, unavitupa bei gani?" Wageni walidhani ni mama mwenye huruma anayetaka kuwapunguzia mzigo. Wenyeji walicheka wakiangalia pembeni.

Hakurithi kitu. Mume wake alikwenda machimboni Chunya kutafuta maisha, na mpaka leo yuko Chunya anayatafuta. Yeye alianza na ndizi za kichwani, kutoka Kinyala hadi mjini, miguu peku, matope yakimpanda mpaka kwenye mashavu ya miguu. Ile miaka ya shida ilipokuja, sabuni ikawa inatafutwa kama dawa, akajifunza njia ya mpakani. Alikuwa akileta sabuni na sukari za Malawi akizificha chini ya mikungu ya watu, ndani ya malori yaliyokuwa yanapanda kutoka Kyela. Wakati huo kazi hiyo iliitwa ulanguzi na watu walifungwa kwayo. Baadaye ikaja ruksa, kazi ileile ikaitwa biashara, na wale waliokuwa wakimkamata wakawa wanakuja kwake kuulizia kama anaweza kuwapatia vitenge.

Katika miaka ile ya ulanguzi alipata ndugu ambaye hakuzaliwa naye. Aliitwa Ambindwile, mkulima wa Kinyala mwenye migomba na kahawa kidogo. Siku moja lori lilisimamishwa kwenye kizuizi, mgambo wakapanda juu, wakafunua mikungu ya Ambindwile, wakakuta katoni za sabuni.

"Ya nani hii?"

Atuganile alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo, kanga imemfunika mpaka puani, moyo uko kwenye meno.

"Ya kwangu," akasema Ambindwile.

Walimzaba makofi, wakamshusha, wakamlaza kituoni. Hakutaja jina la mtu. Alipotoka, midomo imevimba, alimwambia Atuganile neno moja tu: "Sabuni yako wameiogea wao." Wakacheka mpaka machozi.

Tangu siku hiyo Atuganile alizipokea ndizi za Ambindwile bila kuzigeuza. Za watu wengine, bei ikishakubaliwa, alizigeuza, akanusa, akabonyeza, akapindua chane ya chini kutafuta iliyooza. Za Ambindwile zilishushwa na kuingia ndani moja kwa moja. Ukitaka kujua mfanyabiashara anampenda nani, usimsikilize anavyosema. Mtazame anachopokea bila kukigeuza.

Sasa, habari ya mbwa.

Lile shamba la chai la jirani lilikuwa na meneja Mzungu aliyependa kuwinda ndege. Alikuwa na mbwa jike mwenye manyoya marefu ya rangi ya mahindi yaliyokauka, masikio yameanguka, mpole kama mke wa mchungaji. Kazi ya mbwa yule ilikuwa moja: bwana wake akipiga ndege, yeye anakwenda kumwokota na kumleta mdomoni bila kumjeruhi. Shamba lilipobadilisha wenyewe, Mzungu alifungasha na kuondoka na mbwa wake. Lakini mbwa yule alikuwa amekwisha kuonana na mbwa wa kienyeji nyuma ya nyumba za vibarua, na watoto waliotokea hawakuwa na nafasi kwenye gari. Mtu fulani aliambiwa awatupe, naye akawatupa.

Atuganile alimkuta mmoja ndani ya kalvati, njia ya kuelekea Ibighi, mvua ya Aprili ikishuka kama inalipwa. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Huyu alikuwa amebana kwenye ukingo, amelowa, na mdomoni ameng'ang'ania kipande cha kiatu cha plastiki. Atuganile hakumtazama usoni. Alimtazama miguu. Miguu ilikuwa mikubwa kuliko mwili. "Huyu atakuwa mbwa mkubwa," alijisemea. "Mbwa mkubwa ni mali." Akamtia kwenye kapu, juu ya vitunguu.

Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu, na tumwachie sababu yake.

Alimlisha uji wa maziwa, akamwita bwana mifugo akampa dawa ya minyoo, akamtandikia gunia jikoni. Mtoto wa mbwa akanenepa, manyoya yakang'aa, kifuani likajitokeza doa jeupe kama mtu aliyemwagikiwa na unga. Halafu damu ya mama yake ikaanza kumwita. Kila alichokiona chini alikibeba, na kila alichokibeba alikileta mlangoni kwa Atuganile, akakiweka, akatikisa mkia, akangoja kusifiwa.

Pale Bulyaga, Atuganile alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba yenye uwanja mmoja na milango mingi, na watu wa Tukuyu, kwa matope yale, viatu huviacha nje.

Wa kwanza kuja alikuwa Hadijah, jirani wa mlango wa pili aliyekuwa na duka la nafaka. Alikuja na mguu mmoja umevaa kandambili na mwingine peku.

"We Atu! Umemfundisha wizi mtoto wa watu?"

"Mtoto yupi?"

"Huyo mwenye manyoya! Nimetoka kutawadha sasa hivi, natafuta kandambili, namwona bwana mkubwa anakwenda nayo kama anapeleka barua."

"Sijamtuma mimi."

"Hujamtuma! Basi kwa nini analeta kwako? Mbona hapeleki kwa mwenye nyumba?"

"Hadijah, sijamtuma."

Kesho yake ikaletwa ndala ya mwenye nyumba mwenyewe. Kesho kutwa soksi. Halafu kofia ya mpangaji aliyekuwa ametoka kwenye sala ya jumuiya. Na kila mara Atuganile alisimama mlangoni akisema lile lile, mpaka watoto wa uwanjani wakampa mbwa jina: Sijamtuma. Hadijah kandambili yake ya kushoto hakuiona tena. Mbwa aliitafuna nusu na nusu haikujulikana ilikokwenda. Ile ya kulia aliitunza, akisema ipo siku ataipeleka mahakamani.

Mwenye nyumba akatoa neno lake. Mbwa aondoke, au aondoke na mama yake.

Basi Atuganile akatangaza sokoni kwamba ana mtoto wa mbwa, ameacha kunyonya, ana afya, yuko tayari kwenda kwa mtu. Waliokuja walikuta mambo. Walidhani wanakuja kuchagua mbwa, kumbe wao ndio wanaochaguliwa. Atalala wapi? Utamfunga? Mkeo anasemaje? Mmoja alipojibu kwamba mbwa hulala anapojua mwenyewe, aliambiwa na yeye aende akalale anapojua mwenyewe.

Akaja Prosper.

Huyu alikuwa mmoja wa wale wanunuzi binafsi waliojitokeza mara tu serikali iliporuhusu kahawa inunuliwe na yeyote mwenye uwezo. Alikuwa mgeni, amepanga ghala Ibighi, ana pikapu, ana koti la ngozi hata jua likiwaka. Chama cha ushirika kilikuwa kinakufa taratibu, watu wamechoka kungoja malipo ya mwaka juzi, na Prosper alikuwa analipa mkononi. Watu walimwita mkombozi.

"Mama, huyo mbwa taja bei."

"Hauzwi. Anatolewa kwa mtu."

"Mama yangu, siku hizi kila kitu kinauzwa. Soko huria hili. Taja."

Atuganile alikuwa anapanga nyanya. Hakuinua uso. "Masika yaliyopita mbwa wako alikufa na mnyororo shingoni, nje ya ghala, mvua inampiga. Ibighi nzima iliona."

"Mbwa akishiba halindi, mama. Lazima awe na hasira kidogo."

"Na wewe ukinyimwa chakula unalinda vizuri?"

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Prosper naye alicheka, lakini jicho lake halikucheka. Alimtazama mtoto wa mbwa kwa muda, miguu ile mikubwa, akaondoka.

Ambindwile alikuwepo siku hiyo, ameshusha ndizi. Alisikia yote. Wiki iliyofuata akaja Bulyaga asubuhi, amebeba mkungu wa malindi begani, ndizi nene zenye ngozi laini, za kupikia mgeni anayeheshimiwa.

"Dada, yule mbwa nipe mimi. Watoto wanamlilia. Na wezi wa mikungu wametuzidi Kinyala."

Atuganile aliona mzigo unashuka moyoni. Kwa nini hakumfikiria tangu mwanzo? Lakini palikuwa na jambo, na yeye alilijua vizuri, kwa kuwa bibi yake alimlea nalo. Mbwa hapokewi bure, maana mbwa wa bure hana mwenyewe. Na halipiwi kwa kitu cha kuliwa. Analipiwa kwa jembe, au sufuria, au sindano ya kushonea hata, kitu cha kukaa. Sababu yake ni hii: mpokeaji akimtesa mbwa, mtoaji anabeba kile kitu, anakiweka mlangoni pa mpokeaji, anamfungua mbwa wake na kuondoka naye, na hakuna kesi. Lakini kinacholiwa kikishaliwa hakirudi, na mbwa naye harudi.

"Jembe liko wapi?" akauliza, nusu utani.

"Jembe!" Ambindwile alishusha mkungu, akajipangusa jasho. "Jembe kati yangu na wewe, dada? Wewe na mimi tuandikishiane?"

Mvua ilikuwa inaanza. Mbwa alikuwa amekwisha kubeba kofia ya Ambindwile na kuipeleka kwa Atuganile, mkia unapiga mlango. Wakacheka. Atuganile akamenya ndizi, akazipika kwa maziwa na chumvi, wakala mbalaga hiyo pamoja kwenye sahani moja, na mgeni akaramba vidole. Mtu aliyekuwa akigeuza kila chane ya dunia nzima, siku hiyo hakugeuza.

Mbwa aliondoka ndani ya kapu la Ambindwile, kichwa nje, mdomoni ana kitambaa cha kufutia meza. Atuganile hakukidai.

Kila siku ya gulio aliuliza, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo sana. Anakua. Amezoeana na watoto mpaka wanalala naye."

Au: "Juzi nilisahau jembe dogo kule chini kwenye kahawa. Nafika nyumbani, namwona huyo anakuja, anaburuta mpini!"

Atuganile alicheka mpaka akashika meza. Kisa hicho cha mpini alimsimulia Hadijah, akawasimulia wa vitunguu na wa dagaa. Usiku akiwa peke yake chumbani, kimya bila mkia wa kugonga mlango, alikikumbuka akatabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu peke yake.

Kisha akaenda Ibighi kununua magunia matupu.

Njia inapita mbele ya ghala la Prosper. Uzio wa mabanzi ulikuwa na mapengo, na kwenye pengo moja aliona rangi ya mahindi yaliyokauka. Alipita. Akasimama. Akarudi. Mbwa alikuwa amefungwa kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo, amekua urefu lakini ubavu unahesabika, shingo imechubuka chini ya manyoya. Doa jeupe kifuani lilikuwa limejaa matope. Alimwona Atuganile. Hakubweka. Alitazama huku na huku kama mtu aliyetembelewa ghafla na hana cha kumkaribisha, akaokota kopo bovu la chakula chake, akalileta hadi mnyororo ulipomkatalia, akasimama nalo mdomoni akitikisa mkia.

Kwa hiyo mpini haukuwepo. Hapakuwa na watoto waliolala naye. Visa vyote vile Ambindwile alikuwa akivitunga njiani, ndizi begani, akija kumuuzia.

Hilo ndilo lililomkaa kooni kuliko mnyororo. Mtu anaweza kukuuza kwa shida. Lakini kukuuza, kisha kukuletea kicheko kila siku ya gulio ili uendelee kufurahi!

Kesho yake alinunua mkungu wa malindi, mkubwa kuliko ule, akaubeba mwenyewe mpaka Kinyala, kama zamani. Alimkuta mke wa Ambindwile, Tulia, uwanjani anaanika maharage.

"Mugonile, mama."

"Ndaga, dada, karibu," akasema Tulia, halafu akauona mkungu, akainamia maharage yake na hakuinua tena kichwa. Kumbe naye alijua.

Ambindwile alitoka ndani. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, ilionekana mizani mpya ya kupimia kahawa, inang'aa, imening'inizwa kwenye boriti. Atuganile aliielewa ile mizani kabla hajaambiwa. Aliuweka mkungu mlangoni.

"Ndizi zako hizi. Nakwenda kumchukua mbwa wangu."

"Dada, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Prosper alitaka mtu wa kumkusanyia kahawa huku. Watu kumi walikuwa wanaitaka hiyo kazi. Mimi nina nini? Watoto wanataka ada, ushirika haulipi. Akaniambia, niletee yule mbwa niliyenyimwa sokoni mbele ya wanawake, nitajua wewe ni mtu wa kazi. Ndiyo hivyo. Mbwa, dada! Kwa sababu ya mbwa unanibebea mkungu wa aibu mpaka nyumbani kwangu?"

"Na mpini?"

"Mpini gani?"

"Ulioburutwa."

Ambindwile alitazama chini. Kwa kitambo kidogo alikuwa yule wa kwenye kizuizi, midomo imevimba. Halafu akaikaza sura.

"Uliuliza kila gulio. Ulitaka nikujibu nini?"

"Chukua ndizi zako."

"Hizi si zangu. Zangu ulikula." Akageukia upande wa pili wa uzio, ambako jirani yao, mzee Lazaro, alikuwa anapasua kuni na kujifanya hasikii. "Mzee! Mbwa akilipiwa, kile kitu kikaliwa, mila inasemaje?"

Lazaro aliegemeza shoka. Alimwonea haya Atuganile, ilionekana. "Ulikula ndizi, mwanangu?"

"Nilikula."

"Zote?"

"Tulikula naye. Sahani moja."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi mbwa amekwisha kuliwa."

Ndipo Atuganile alipoelewa lililobaki. Alimtazama Ambindwile, na Ambindwile hakuweza kuyakimbia macho yale.

"Ulikuja na ndizi makusudi."

Atuganile alinyoosha kidole ukutani.

"Jembe unalo. Majembe matatu nayaona pale ukutani. Ukaona nikipewa jembe nitalirudisha. Ukachuma malindi."

"Nilijua ungekuja na kitu mkononi," akasema Ambindwile polepole. "Nakujua, dada."

Mkungu aliuacha palepale. Njiani kurudi alijitukana kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Alijua mila, akaiuliza, akakubali ivunjwe mbele ya macho yake mawili. Kama angefanyiwa hivyo na mtu wa Mbeya angecheka na kumpa heshima yake.

Alikwenda kwa Prosper. Mila haikuwa na neno kwa Prosper, lakini biashara ilikuwa nalo, na biashara ndiyo nyumba yake. Alipanga vizuri. Alimkuta mbele ya ghala, akamsalimu, akaulizia magunia. Akaulizia maturubai. Akalalamika juu ya barabara. Kwenye nguzo hakutazama hata mara moja.

"Na hicho kijibwa," akasema mwishowe, kama mtu anayepiga miayo, "mbona hata hakibweki? Unakilisha bure."

"Huyo? Mjinga kabisa," akasema Prosper. "Nimemshindisha njaa, nimempiga, wapi. Wezi wakija atawabebea mzigo."

Mambo yalikuwa yanakwenda. Neno moja au mawili na Prosper angesema, mchukue, niondolee. Lakini Atuganile alikuwa amesahau kwamba kwenye biashara ile walikuwa watatu. Mbwa alisikia sauti yake. Alianza kulia kilio chembamba, akavuta mnyororo mpaka akasimama kwa miguu ya nyuma, na mdomoni, jamani, ana lile kopo. Uso wa Atuganile ulikuwa uso wa soko. Mbwa hakuwa na uso wa soko.

Prosper alimtazama mbwa. Akamtazama mama. Akatabasamu taratibu.

"Kumbe."

"Taja bei," akasema Atuganile. Hakuwahi kulisema neno hilo yeye wa kwanza, tangu aanze kazi.

"Pesa yako sitaki, mama. Wanawake wa Kinyala wana kahawa wameificha ndani. Ambindwile hawamwamini sana. Wewe wanakuamini. Waambie tu wailete kwangu kwa mkopo, nitawalipa lori likirudi kutoka mnadani. Neno lako tu. Kisha mfungue mbwa wako uende."

Neno lake tu. Wanawake wale ndio aliotembea nao na ndizi kichwani. Ndizi zao alizigeuza, ndiyo, lakini hakuwahi kuwaambia uongo juu ya bei ya mjini. Je, Prosper angelipa? Pengine. Koti la ngozi lile lilikuwa linamwambia hapana. Na kama hakulipa, basi kila mlango wa Kinyala ungekuwa na mtu anayemtazama Atuganile kama yeye alivyomtazama Ambindwile.

"Ghali," akasema.

"Ndiyo bei."

Akageuka, akaanza kuondoka. Katika soko kuna mwendo wa kuondoka ambao si kuondoka: unakwenda pole, kanga unaifunga upya, unampa mwenzako nafasi ya kukuita. Atuganile aliujua mwendo huo kuliko mtu yeyote. Alipita uzio. Alipita duka la kona. Alifunga kanga, akaifungua, akaifunga.

Prosper hakumwita. Kilio cha mbwa ndicho kilichomfuata mpaka kwenye daraja.

Msimu ulikwisha. Kahawa ya Kinyala, sehemu kubwa, ilipimwa kwenye mizani ya Ambindwile na kupandishwa kwenye lori la Prosper, kwa ahadi. Lori halikurudi. Prosper akasema anakwenda kulifuata, naye hakurudi; ikasikika yuko Dar es Salaam. Siku watu walipokwenda Ibighi na kuvunja lango la ghala, walikuta magunia matupu, maganda, na mbwa kwenye nguzo. Walikuwa na hasira, na mbwa alikuwa mali ya Prosper. Mmoja akainua jiwe.

"Jiwe lako lirushe Dar es Salaam," akasema Atuganile, akipita katikati yao. "Huyu naye hakulipwa."

Alipiga magoti kwenye matope. Mbwa alimwonyesha meno. Hakuwa na kopo mdomoni, hakuwa na kitu. Atuganile aliutoa mkono wake, akauacha hapo hapo, na mbwa akauuma, si sana. Akauacha tu hapo. Kisha akaufungua mnyororo kwa mkono ule ule unaotoka damu.

Ilichukua kiangazi chote shingo kupona. Mwenye nyumba alisema neno lake tena, na safari hii aliyejibu alikuwa Hadijah. Wezi walikuwa wamevunja stoo yake ya mahindi mara mbili.

"Atalala nje, bandani, si kwangu ndani," akamwambia Atuganile. "Kwa ulinzi tumeruhusiwa. Nampikia, nampa maji, simfungi. Ila sitaki anirambe. Sema unataka nini."

"Kitu kisicholiwa."

Hadijah aliingia ndani, akatoka na kandambili moja ya kulia.

"Hii hapa. Ya kushoto alishaila huyu huyu, kwa hiyo hata wewe ukishikwa na njaa jihadhari."

Atuganile aliitundika kandambili ukutani juu ya kitanda, kwenye msumari. Mbwa alihamia mlango wa pili. Bado alikuwa habebi kitu. Hadijah alimwekea ndala kuukuu makusudi njiani, aliinusa, akaipita.

Mwanzo wa masika Ambindwile alikuja. Alikuwa amekonda. Kinyala walikuwa hawasalimiani naye, mizani walikuwa wameibomoa, na Tulia alikuwa amerudi kwao na watoto. Alisimama mlangoni, begani ana jembe jipya, bado lina rangi ya dukani.

"Dada."

"Karibu."

Hakuingia. Alilishusha jembe, akaliweka kizingitini kwa mikono miwili.

"Lile jembe uliloniuliza. Nimelileta. Nimechelewa, najua." Akavua kofia. "Wewe wanakusikiliza kule. Ukiwaambia kwamba mimi nami nilidanganywa, watakuamini. Neno lako tu."

Kwa muda mrefu Atuganile alilitazama jembe. Alilitazama hasa, kwa macho mawili, kama ambavyo hakuwahi kukitazama kitu alichokuwa anakitaka. Akaliinua. Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye makali, akaligonga kwa ukucha asikilize chuma, akachungulia tundu la mpini.

"Jembe zuri," akasema. "Unaliuza?"

Ambindwile alimtazama kana kwamba hakusikia. Uwanjani mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na mtoto mmoja alikuwa anamwita mbwa kwa jina lake, Sijamtuma, Sijamtuma, bila kuitikiwa. Basi kwa kuwa alikuwa hajala tangu asubuhi, Ambindwile akataja bei.

Atuganile akaibishia, kama anavyombishia mwuzaji yeyote.